Vile Vitabu Havikuniharibu

Siku ninayoikumbuka kuliko zote, mwanangu, ni ile niliyosimamishwa mbele ya kreti za bia na kuulizwa kama watu wanywe. Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Nimefungwa liputa, kitenge ambacho si changu, poda imejaa shingoni, na mbuzi wa wageni anatafuna majani ya kwanga ya mama yangu. Nitafika huko. Lakini ngoja kwanza nikuambie kwa nini ninaandika, juu nina hasira na sitaki ufikiri ni wewe umeniudhi.

Wiki iliyopita Mama Prezida, yule anayeongoza kundi la akina mama pale tunaposali, alinijia nyumbani. Nilikuwa ninanyonyesha. Akakaa, akakataa maji, akasema wasichana wanaomaliza shule mwaka huu watafanyiwa siku yao ya nasaha, na akina mama wamenichagua mimi niongee.

"Mimi?" nikamuuliza. "Bazee beko wapi?"

"Bazee beko. Lakini weye uko na ushuhuda. Utaambia batoto vile bile bitabu bya mapendo bilikuharibisha, mpaka ukapatishia papa yako aibu mbele ya batu. Bataogopa."

Bon. Nilikubali kuongea. Sasa nimekaa, nimeandika, na nilichoandika si kile alichoniagiza. Nina miaka ishirini na saba, sina mvi hata moja, na ninakuita mwanangu. Ukiona ni kiburi, kiache kiwe kiburi. Wenye mvi walishaongea sana, na wengi wao hawakunisaidia kitu.

Vitabu anavyovisema unavijua. Ni vidogo, vya Kifaransa, vya kuingia kwenye mfuko wa sare. Kwenye jalada msichana mwenye viatu virefu anacheka, nyuma yake maghorofa, na pembeni mwanaume mmoja hajui aangalie wapi. Ndani, msichana huyo anafika mji mkubwa. Anataka kazi, anataka nyumba yake, anataka bwana pia, na hataki kuchagua. Anaanguka kwenye ngazi. Anamwagia bosi wake kahawa. Anatuma ujumbe wa mapenzi kwa mtu siye. Mwishoni anapata vyote ao karibu vyote, na wewe umecheka njia nzima.

Darasa letu la sita la sekondari tulikuwa na kimoja tu. Kilitoka kwenye rundo la vitabu vikuukuu sokoni, jalada lilishaanguka zamani, na wasichana saba tulikuwa tunakisoma kwa zamu. Msichana wa ndani aliitwa Mireille. Alitoka kwao akaenda Abidjan, anataka kufungua ofisi ya kupanga harusi za watu, na yeye mwenyewe hana hata wa kumtumia salamu. Zamu yangu ilipofika nikakipeleka nyumbani, na shida ilianzia hapo, juu sikukisoma peke yangu.

Mchana mama yangu alikuwa anatengeneza kwanga za kuuza. Kama hujawahi kukaa kwenye kazi hiyo: muhogo unalowekwa siku kadhaa, unapondwa, unakandwa, unafungwa ndani ya majani, unakazwa kamba, unapikwa. Mikono haipumziki, lakini masikio hayana kazi yoyote. Pale walikaa wanawake watatu. Mama. Tantine Vero, dada mkubwa wa papa, aliyekuja kwetu kutoka Yanonge baada ya kufiwa na mume. Na Mama Zaituni, jirani yetu, mtu wa Kindu. Kati yao hakuna aliyekuwa na Kifaransa cha kutosha kusoma kitabu kizima. Siku ya kwanza Mama akaniangalia, akasema, "Unachekacheka nini peke yako kama mwenye wazimu? Soma, tucheke sisi wote." Nikaanza kuwasomea, ninageuza kwa Kiswahili mstari kwa mstari.

"Mireille akaingia ndani ya asansere, na ule bwana akaingia nyuma yake..."

"Asansere njo nini?" Mama Zaituni akauliza.

"Kijumba cha chuma. Kinapandisha batu kule juu na kinabashusha."

"Nani anakivuta?"

"Umeme."

"Na umeme ikikatika?"

"Banabaki ndani mpaka irudie."

Tantine Vero akaacha kukaza kamba. "Bao babili? Ndani ya kijumba? Na giza?"

"Njo vile imeandikwa, Tantine."

"Eh! Kumbe ya huku inakatikaka bure tu."

Mama alicheka mpaka jani likapasuka mkononi.

Miezi mitatu tulikaa na Mireille. Wasichana wenzangu walipiga kelele kwamba zamu yangu haiishi, nikawadanganya kwamba nina homa. Pale nyumbani walikuwa wanamgombania kama binti wa jirani. Mama Zaituni hakumsamehe kwa kutompigia mama yake simu. Mama yangu alitaka aache kununua viatu. Tantine Vero yeye alimpenda bila kasoro. Kuna mahali Mireille anamwambia bosi wake hapana, uso kwa uso. Tantine alinirudisha hapo labda mara tano. "Rudilia. Pale anasema hapana. Polepole."

Mwanangu, wanakuambia vitabu hivi ni upuuzi. Nikuambie kilichotushika, juu hakuna mtu anayetuuliza. Tangu shule ya msingi nimepewa vijitabu vya kuwafundisha wasichana. Vyote, kila kimoja, msichana anayetaka kitu anaadhibiwa. Anataka mji, anarudi na mimba. Anataka gauni, anapata ugonjwa. Anataka kuchagua bwana mwenyewe, anafia miguuni pa mama yake huku anaomba msamaha. Nilipofika darasa la sita nilikuwa ninajua namna kumi za kufa kwa msichana anayetaka kitu. Halafu anakuja Mireille. Anataka kila kitu, anakosea kila mahali, na kesho yake anaamka, anakunywa chai, anaendelea. Hakuna radi iliyompiga. Mimi sikujua kwamba mtu anaweza kutaka jambo kubwa huku anacheka. Nilifikiri ni lazima ulie.

Viatu vyake sikuvitaka. Ndani ya matope ya Kabondo, mtaa wetu, viatu vile ungevizika.

Wakati huohuo Trésor alikuwa ameanza kuja. Baba yake alikuwa na mashua za kubeba watu na bidhaa kati ya Isangi na hapa. Kijana safi, mpole, anasalimia kila mtu mpaka kuku. Nilimpenda? Ndiyo, tusidanganyane, nilimpenda. Lakini mjomba wake, aliyekuwa msemaji wao, alishapanga: harusi ifanyike haraka, siku ileile ya mahari, na kesho yake tupande mashua kwenda Isangi, Trésor akashike depo ya familia. Mtihani wa serikali ulikuwa unakuja wiki mbili tu baada ya harusi, hapa Kisangani. Miaka sita ya sekondari, na mimi nitakuwa Isangi ninapanga magunia. Nilipomwambia Mama amuulize yule mjomba, alirudi na jibu lake: "Diplome itachoma samaki?"

Sasa sikiliza desturi yetu, juu kila kitu kiko hapo. Upande wa mwanaume wakileta vinywaji, hakuna anayefungua chupa mpaka msichana aulizwe. Siku ya kwanza ya kujitambulisha anaulizwa mara moja. Siku ya mahari anaulizwa mara tatu. Anayeuliza ni baba, mbele ya wote: tunywe? Na jibu kila mtu analijua. Wanasema hakuna mwanamke anayelazimishwa kwetu, maana aliulizwa.

Siku ya kwanza nilikuwa nimejiapiza nitasema habari ya mtihani. Nikatolewa ndani. Watu walikuwa wamekaa juani tangu asubuhi, papa yangu alikuwa amefuta glasi kwa mikono yake mwenyewe, mjomba ameshika kifungulio. Papa akauliza, "Mwanangu, tunywe?"

Nikasema, "Tunywe."

Hilo ndilo kosa langu, mwanangu. Andika hapo. Wanatafuta kosa langu ndani ya kitabu, kumbe liko ndani ya neno hilo. Nililisema juu watu walikuwa na kiu.

Kesho yake nilikaa kwenye kwanga kama kawaida, nikafungua kitabu.

"Funga," Tantine Vero akasema.

"Tantine, tumebakisha kidogo tu..."

"Funga, nimesema. Miezi tatu unatusomea. Mireille anasema hapana kwa bosi. Anasema hapana kwa bwana wa gari. Sisi tunapiga makofi, mikono imejaa muhogo. Jana papa yako anakuuliza neno moja, moja tu, unalia sawa kifaranga. Sasa ulikuwa unasoma juu ya nani? Juu yangu? Miye yangu iliisha."

"Kila mutu alikuwa anangojea, Tantine."

"Hata miye balikuwa bananingojea. Nilikuwa na miaka kumi na tano. Balikuwa na glasi mukononi. Juu ya kiu ya bazee kumi nilienda kukaa miaka makumi tatu kwa mutu sikumupenda. Kiu yao iliisha siku ileile."

Mama alikaza kamba ya kwanga yake. Mama Zaituni aliinama kwenye majani yake. Hakuna mzee aliyewahi kunigombeza vizuri hivyo, na huyo hakumaliza hata darasa la tatu la msingi.

Ikafika siku ya mahari. Hapo ndipo tuko na kreti na mbuzi. Desturi inataka shangazi asimame nyuma ya msichana, kwa hiyo Tantine Vero alikuwa nyuma yangu, liputa niliyovaa ni yake.

Papa akasimama. Alikuwa amependeza siku ile, sitasahau. "Mwanangu, unawaona hawa watu. Unawajua?"

"Ninawajua, Papa."

"Kinywaji chao hiki hapa. Tunywe?"

"Papa, bado."

Wakacheka wote, akina mama wakapiga vigelegele. Walifikiri ninafanya maringo, juu wasichana wengine wanafanya hivyo ili wakwe waongeze kitu. Yule mjomba akapiga kelele, "Ongeza liputa moja kwa bibi-arusi!" Liputa ikatupwa juu ya meza.

"Haya," Papa akasema, anatabasamu. "Tunywe?"

"Papa, si juu ya liputa. Ninamutaka Trésor. Lakini ekzame yangu iko kisha wiki mbili. Mutungojee mwezi moja. Nikitoka kule, mutaniuliza tena, nitasema ndiyo, na mutakunywa mpaka kesho."

Kiwanja kilikuwa na watu sitini. Nilisikia mbuzi anatafuna.

Mjomba akasimama. "Sisi tulikuja kuoa, ao tulikuja kuomba ruhusa kwa mwanafunzi?"

Nikamwangalia Trésor. Na hapa, mwanangu, nitasema ukweli hata kama Mama Prezida ataufurahia. Ndani ya kitabu, mwanaume anasimama. Tai imepinda, jasho linamtoka, lakini anasimama mbele ya watu wote na kusema atangoja. Mimi nilimngojea Trésor asimame. Nilimpa muda. Alikuwa anaangalia kiatu chake cha kulia. Kwa jambo hilo kitabu kilinidanganya, na sitakificha. Wanaosimama ni wachache, na huwezi kuwajua kabla ya siku yenyewe.

Papa hakuwa anatabasamu tena. "Mara ya tatu. Fikiria. Tunywe?"

"Hapana, Papa."

Mama alifunika uso. Mtu akasema nani amefundisha mutoto hii. Mwingine akasema ni shule. Mwingine, binamu wa papa aliyewahi kutukuta tunasoma, akasema ni ile kitabu. Na nyuma yangu Tantine Vero, mjane anayekula kwa kaka yake, asiye na pengine pa kwenda, akasema kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani: "Balimuuliza. Alijibu."

Kreti zikapandishwa tena kwenye mkokoteni. Mbuzi akakataa kutoka, wakamburuta kwa pembe, jani bado mdomoni. Walipopotea, Papa aliingia ndani, akatoka na kitabu, akakisukuma motoni chini ya sufuria ya kwanga. Kilikuwa bado kina wasichana wanne wanaongojea zamu. Kesho yake shuleni niliwakusanya wakati wa mapumziko nikawasimulia mwisho, na mmoja alilia kuliko nilivyolia mimi.

Mama hakuniongelesha siku nne. Ya tano tulikuwa wawili kwenye kwanga, na Mama Zaituni upande wa pili wa ua anaanika nguo.

"Na Mireille?" Mama akauliza, hanitazami.

"Mireille nini?"

"Ulifika mwisho?"

"Nilifika."

"Aliolewa?"

"Aliolewa, Mama. Lakini ofisi yake alifungua kwanza."

Akafunga kwanga moja, akafunga ya pili. "Bon," akasema.

"Na mama yake?" Mama Zaituni akauliza toka ng'ambo ya ua. "Alimupigia simu?"

"Alimupigia."

"Afazali!"

Siku ya kwanza ya mtihani Mama mwenyewe alitoka barabarani kuita toleka, nikapanda nyuma ya baiskeli na lituma ya moto, ndizi za kupondwa, ndani ya kitambaa. Nilifaulu. Si kwa pointi za kujisifu, lakini nilifaulu, na karatasi hiyo ninayo. Trésor alioa mwingine kabla mwaka haujaisha. Mkewe ninakutana naye sokoni, tunasalimiana vizuri, sina neno naye.

Mama Prezida anasema: tazama alichopata. Nitazame basi. Sina ofisi, nina meza. Iko karibu na komini, ofisi ya serikali ya mtaa, ina kompyuta moja na mashine ya fotokopi inayofanya kazi umeme ukitaka. Wanaonisema ndani ya kundi ndio haohao wanaokuja niwaandikie barua za kuomba kazi za watoto wao, na wanasimama nyuma yangu wananong'ona, "Weka Kifaransa kizuri, mama." Mume wangu anapakia mizigo kule Bangboka, uwanja wa ndege, si mtu wa kuwekwa kwenye jalada, anakoroma, na kabla ya kunioa alingoja nimalize mafunzo ya kompyuta bila kuuliza yanaisha lini. Nina watoto wawili. Jioni nikiwa na nguvu ninasoma vitabu vyangu vya wasichana wa mji, ninacheka, na mkwe wangu ananiuliza kuna nini cha kuchekesha. Hasira yangu iko hapo. Mwanaume akikaa na wenzake akapiga kelele juu ya mpira nusu siku, anapumzika. Mimi nikicheka kurasa kumi, ninaharibika.

Na kuna kilichoniuma, sitaki ufikiri nilitoka bila jeraha. Papa aliniruhusu kuolewa baadaye, alikula harusi yangu, anawabeba wanangu mgongoni. Lakini tangu siku ile ya kreti hajawahi kuniita jina langu. Mwanzoni alisema "ule mtoto." Sasa anasema "mama ya Grâce." Miaka minane. Wakati mwingine nikiwa nimempelekea kwanga ninachelewa kuondoka, labda atalisema. Nilichagua mtihani na ningechagua tena kesho asubuhi. Lakini niliulipia, na wewe ukichagua utalipia, na yeyote anayekuambia ni bure, hata awe Mireille, usimwamini.

Kwa hiyo nasaha yangu ni hii. Soma vitabu vya kukuchekesha, na usivifiche chini ya godoro kama mwizi. Visome kwa sauti, mama yako asikie, shangazi yako asikie. Huenda wana njaa navyo kuliko wewe. Usitafute ndani yake mwanaume, mwanaume utamjua mwenyewe siku ya shida. Tafuta ndani yake jinsi msichana anavyosema anachotaka na bado anaamka kesho yake. Na siku watakapokuweka mbele ya watu na kukuuliza, jibu swali uliloulizwa. Usijibu uchovu wao, wala kiu yao, wala glasi walizofuta. Desturi yetu imekupa swali. Wao wamezoea kusikia neno moja tu, lakini swali lina majibu mawili, na yote mawili ni ya kwako. Ukitaka kusema ndiyo, iseme kwa furaha na sisi tutapiga vigelegele mpaka tukauke. Lakini isitoke mdomoni juu watu wamechoka kukaa.

Na kama hukuweza mara ya kwanza, usijilaani. Hata mimi sikuweza.

Sasa inamisha kichwa nikubariki, hata kama umri haujaniruhusu. Mungu akupe kutaka mambo makubwa na usiogope asubuhi inayofuata. Macho yako yachoke kwa kusoma, yasichoke kwa kulia. Akupe mtu wa kukungojea, na asipokupa, akupe kazi ya kukushika mikono. Ukizaa msichana, akue anasema na asikiwe ndani ya nyumba yake mwenyewe. Na akikupinga siku moja mbele ya watu, na moyo wako ukawaka moto, Mungu akutie nguvu ya kumwita jina lake jioni ileile.